Serumu ya "EGF" ya dola 25: je, kweli inakomaza askari wa ngozi? (Uzi mrefu, leteni chai)

Labo_Katindo (mwanzisha uzi)

Habari za jioni ndugu zangu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na popote mlipo.

Jumamosi mdogo wangu wa kike alirudi kutoka soko la Birere na kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, kina mpira wa kubinya juu. Dola 25. Kwa mtu anayelipa chumba dola 50 kwa mwezi, hiyo ni nusu ya kodi imeingia kwenye chupa ya mililita 30. Kwenye boksi kuna herufi tatu kubwa, EGF, na chini yake Kifaransa kingi kuhusu kichocheo cha ukuaji kinachoimarisha kinga ya ngozi. Mama aliyemuuzia alimfupishia kwa lugha ya soko: "Hii inakomaza askari ya ngozi, mwanangu."

Nilicheka. Usiku umeme ulipokatika, nimekaa na tochi ya simu nikisoma lile boksi tena, nikaona yule mama amesema kitu ambacho nusu yake ni kweli kuliko anavyojua mwenyewe. Ngozi ina askari. Askari hao hukomazwa na vichocheo vya ukuaji. Ila kilichomo kwenye kichupa si hicho kinachowakomaza, na hata kingekuwa hicho, mlango kimefungiwa.

Mimi ni mtu wa labo, si daktari wa ngozi. Madaktari mliomo humu mnirekebishe.

Nianze na askari mwenyewe. Mwaka 1868 kijana Mjerumani, Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari Berlin ambaye hajafika hata miaka 22, alichukua kipande cha ngozi ya mtu akakiloweka kwenye kloridi ya dhahabu. Chini ya darubini akaona, katikati ya seli za kawaida za tabaka la juu, seli nyeusi zenye matawi kama mti uliopukutika majani. Kwa kuwa zilikuwa na matawi, akadhani ni neva. Alikosea, na kosa hilo lilikaa muda mrefu sana. Mwaka mmoja baadaye huyo huyo akaona visiwa vya kongosho, vile vinavyotoa insulini, ambavyo navyo vina jina lake. Alifariki 1888 kisiwani Madeira bila kujua kazi ya chochote kati ya hivyo viwili. Inaniuma kidogo kila nikiikumbuka.

Leo tunajua kuwa seli za Langerhans ni walinzi. Ni kama asilimia 2 hadi 4 tu ya seli zote za tabaka la juu, lakini kwa yale matawi wanafunika ngozi nzima kama wavu. Wakikamata kitu kigeni, wanakiacha kituo, wanateremka hadi kwenye mitoki, na kukionyesha kwa seli T, aina ya seli nyeupe za damu zinazoongoza mashambulizi. Ndugu zao wengi, seli zote zenye matawi za aina hiyo, walielezwa na Ralph Steinman na Zanvil Cohn mwaka 1973. Steinman alipewa Nobel 2011 akiwa amefariki siku tatu kabla ya tangazo. Kamati haikujua.

Sasa swali linalonileta: nani anawalea hawa walinzi? Ndilo jambo ninalotaka kulichambua. Nitaendelea umeme ukirudi.

Njo_Vile_Lushi

Mukubwa umetuachia kwenye mlango. Mimi niko Lubumbashi, mwaka wa nne wa udaktari. Nilifundishwa kwamba seli za kinga zote zinatoka kwenye uboho, zinapita damuni, zinaenda zinakotakiwa. Zikifa, uboho unatuma nyingine. Sasa "kulelewa na ngozi" ni lugha ya ushairi ao ni sayansi?

Labo_Katindo

Umeme umerudi. Swali lako ni zuri sana, na nusu ya vitabu bado vimeandikwa hivyo hivyo unavyosema.

Kwa seli nyingi za kinga ni kweli. Kwa seli za Langerhans si hivyo. Kwa panya imefuatiliwa hatua kwa hatua: wazazi wao wanaingia ngozini kabla ya kuzaliwa. Wachache wametoka kwenye kifuko cha kiini, wengi zaidi ni monositi (aina ya seli nyeupe za damu) zilizotengenezwa kwenye ini la kijusi, enzi ambapo uboho bado haujashika kazi. Wanaingia wachache, na katika juma la kwanza baada ya kuzaliwa wanazaana kwa fujo mpaka wavu umekamilika. Baada ya hapo, ngozi ikiwa na amani, hawahitaji mtu kutoka nje.

Kwa binadamu kuna ushahidi mmoja ninaoupenda kuliko yote. Huko Ufaransa kuna mgonjwa aliyepandikizwa mikono ya mtu mwingine. Miaka 10 baadaye walichunguza ngozi ya mikono ile, wakakuta seli za Langerhans bado ni za yule aliyetoa mikono. Damu ya mwenyeji inazunguka humo kila sekunde miaka 10, na walinzi ni wale wale wa zamani, wanazaa humo humo.

Kwa watu wa Goma nitasema hivi. Ni kama familia iliyopata parseli ya ardhi baada ya volkano ya 2002, ikajenga juu ya mawe meusi, ikazaa, watoto wakazaa. Ukiuliza leo nani anakaa pale, ni wale wale. Hawakuja na basi la jana.

Lakini familia haili mawe. Nani anawalisha? Bayeri, yaani mwenye nyumba. Na bayeri wa ngozi ni keratinositi, zile seli za kawaida ambazo ndizo asilimia kubwa ya tabaka la juu, ambazo sote tulidhani kazi yake ni kuwa ukuta tu.

Motari_Mwenye_Diploma

Bayeri anayelisha mpangaji? Hiyo si Goma, hiyo ni mbinguni 😂

Labo_Katindo

😂 Ndiyo maana nasema ngozi ina adabu kuliko sisi.

Twende kwenye chakula chenyewe. Kuna vyakula viwili vikubwa. Cha kwanza kina hadithi ya upelelezi.

Kuna panya wa maabara wasio na kichocheo kiitwacho CSF-1. Ni panya wa ajabu: mifupa imejaa hadi ndani, meno hayaoti, kwa sababu seli za kula mfupa hazikukua. Makrofaji zao, seli za kinga zinazomeza wadudu na takataka, ni chache. Sasa kipokezi cha CSF-1, yaani kufuli lililo juu ya seli ambalo kichocheo hicho hulifungua, kinajulikana, na ukiondoa kipokezi chenyewe, seli za Langerhans hazipo kabisa. Basi ungetegemea ukiondoa CSF-1 zikosekane vilevile. Wapi! Wale panya wasio na meno wana seli za Langerhans kama kawaida. Kufuli likivunjwa mlango haufunguki, lakini ufunguo ukitupwa mlango bado unafunguka. Maana yake nini?

Njo_Vile_Lushi

Kuna ufunguo wa pili.

Labo_Katindo

Hapo hapo. Ulipatikana 2008 na ukapewa jina la interlukini 34 (interlukini ni protini ambazo seli za kinga hupashana habari nazo). Mwaka 2012 makundi mawili tofauti ya watafiti yakaonyesha kwamba ufunguo huo wa pili hutengenezwa na keratinositi, na panya wasio nao hawana wavu wa Langerhans. Jina linasema interlukini, kazi ni ya kichocheo cha ukuaji. Majina katika fani hii msiyaamini, mtaona tena hapo chini.

Kuna nyongeza ambayo mimi ndiyo huninyima usingizi. Ngozi ikichomeka au ikiwaka vibaya, wavu ukachanika, monositi kutoka damuni hukimbilia kuziba pengo. Kwa panya, katika dakika hiyo ya ghasia anayewapokea si bayeri. Ni neutrofili, zile seli za kwanza kufika penye usaha, na chakula wanachotoa ni CSF-1, ule ufunguo wa kwanza. Ghasia ikiisha, wageni wanakabidhiwa kwa keratinositi na kuanza kula interlukini 34 kama wenyeji. Kipokezi ni kile kile. Wakati wa amani analisha mwenye nyumba, wakati wa vita analisha jeshi.

Chakula cha pili ni kichocheo kiitwacho TGF-beta 1. Mwaka 1996 ilionyeshwa kuwa panya wasio nayo hawana seli za Langerhans hata moja. Mwaka huo huo wengine waliona kwenye sahani ya maabara kwamba seli changa za damu ya binadamu zikipewa TGF-beta 1 hugeuka Langerhans vizuri zaidi. Hii ndiyo inayomwambia mgeni: "wewe sasa si monositi tena." Ndani ya seli inawasha swichi, mojawapo ikiitwa Id2, na panya asiye na Id2 hana walinzi hao.

Na TGF-beta haikai wazi. Inatolewa ikiwa imefungwa, kama maziwa ya kopo. Ukiwa na kopo bila kifungulio, mtoto atalia mpaka asubuhi. Vifungulio viko juu ya keratinositi: protini mbili ziitwazo integrini, alfa-v-beta-6 na alfa-v-beta-8. Kopo lingine seli ya Langerhans hujitengenezea yenyewe, lakini bila kifungulio cha bayeri haikai. Mwaka 2016 ilionekana kwamba vifungulio vikitoweka, walinzi wanang'oa nanga na kuondoka ngozini. Na unajua kinachopunguza vifungulio? Mionzi ya jua ya urujuanimno. Toka 1980 ilijulikana kwamba jua kali humaliza seli za Langerhans. Hii ikaja kueleza sehemu ya sababu.

Sisi wa Goma tuko mita karibu 1,500 juu ya bahari, chini ya digrii mbili kutoka ikweta. Hesabuni wenyewe.

Njo_Vile_Lushi

Docta wa labo, nakupinga kidogo. Profesa wetu alisisitiza kichocheo kingine, GM-CSF. Na kweli, 1992 walichukua damu ya kitovu, wakaweka GM-CSF na protini nyingine iitwayo TNF, wakapata seli za Langerhans. Wewe hujaitaja hata mara moja. Umeisahau ao umeikwepa?

Labo_Katindo

Sikuisahau, niliiweka pembeni nione kama kuna mtu ataileta. Aksanti.

Ni kweli kabisa kwenye sahani. Lile jaribio la 1992 lilifungua mlango mkubwa, na mpaka leo ukitaka kufuga seli hizi labo utahitaji GM-CSF. Lakini panya asiye na GM-CSF ana seli za Langerhans karibu kama panya wa kawaida. Mwilini, wakati wa amani, si ya lazima.

Hili ni jambo ambalo sisi watu wa labo tunajifunza kwa aibu. Sahani inakuambia nini *kinaweza*. Haikuambii nini *kinafanyika*. Mtoto unaweza kumlea kwa maziwa ya kopo na atakua. Haina maana kwamba mama yake alimnyonyesha kopo.

Na kuna kichocheo cha FLT3L, ambacho kinalea seli nyingi zenye matawi za dermisi, tabaka la chini la ngozi, sentimita sifuri nukta kitu chini ya hapo. Ukikiondoa, za chini zinapungua sana, za Langerhans hazishtuki. Ghorofa mbili za nyumba moja, kila ghorofa na mpishi wake. Ndiyo maana neno "kuimarisha kinga ya ngozi" kwenye boksi linanikera. Kinga ipi? Ghorofa ipi?

Mama_Santre_Kadutu

Jioni njema wanangu. Mimi ni infirmieri (muuguzi) hapa Bukavu, santre ya afya, miaka 19 kazini. Nimesoma polepole na miwani. Vingine vimenipita, vingine nimeviona kwa macho.

Kwanza chanjo. BCG, ile ya kifua kikuu, tunaiweka ndani ya ngozi yenyewe, mililita 0.05 kwa mtoto mchanga, sindano imelala karibu sambamba na mkono. Ukiiweka vizuri kinainuka kivimbe cheupe chenye vitobo kama ganda la chungwa. Ukiona hakikuinuka, umekosea, umeenda chini mno. Stajeri, wanafunzi walio mazoezini, wananiuliza kwa nini tunajitesa hivyo na mtoto analia, wakati paja lipo. Siku zote najibu "ndivyo ilivyoandikwa." Sasa nimepata jibu lingine: tunaipeleka kwenye mlango wa walinzi.

Pili, na hii ndiyo inanifanya niandike. Kuna mama mmoja, anauza fretini (samaki wadogo) sokoni, ana kama miaka 40. Alikuja juma lililopita amejifunika kitenge hadi puani. Alipofunua: uso mwekundu na mweusi kwa pamoja, mabaka yasiyo na ukingo, ngozi ya mashavu nyembamba, vimishipa vinaonekana kama nyuzi. Viungo vya vidole vimebaki vyeusi, sijui mnajua ile. Amechanganya krimu miaka 6. Anasema ana "aleji," na kila aleji inapozidi anaongeza ile ile krimu, inatulia siku tatu, kisha inarudi kubwa zaidi. Tumbo lina mistari mipana kama mwenye mimba ya mapacha. Hajazaa tangu 2009.

Yeye na hiyo serumu ya mdogo wako wameanzia mlango mmoja wa soko. Niambie, Docta wa labo, hapo kuna askari waliobaki?

Labo_Katindo

Mama, shikamoo. Na tafadhali niite mwanao tu, udocta wa labo ni wa Lushi huyu.

Krimu ina jina? Angalia kama kwenye tyubu kuna *clobetasol*.

Mama_Santre_Kadutu

Ipo. Asilimia 0.05. Na nyingine ina haidrokinoni, ile ya kujichubua. Anazikoroga kwenye kopo la majarini.

Labo_Katindo

Basi ni kama nilivyohofia.

Clobetasol ni kati ya kortikoidi (dawa za kuzima uvimbe na wekundu) kali kuliko zote za kupaka. Daktari akiiandika, kanuni ya kawaida ni majuma mawili, na si zaidi ya gramu 50 kwa juma. Huyu mama ana miaka 6. Kortikoidi za kupaka hupunguza seli za Langerhans kwenye tabaka la juu, hili limeonekana mara nyingi, na pia zinazuia keratinositi zenyewe kugawanyika. Yaani hazimpigi askari peke yake, zinamfukarisha bayeri. Ukuta unakuwa karatasi. Kuvu, ambayo kwa kawaida ingezuiwa, inatembea. Kwa kuwa kortikoidi inazima wekundu, ile duara inayojulikana ya bato, yaani kuvu ya ngozi, inapoteza ukingo wake na hakuna anayeitambua. Madaktari huliita bato lililojificha. Halafu haidrokinoni inakata melanini, ile rangi ya ngozi, hivyo jua linaingia hadi ndani, na jua, tumeona, linapunguza vifungulio vya TGF-beta. Ni kama mtu ameng'oa paa, kisha akaomba mvua.

Mama, kama anaweza kuja kuvuka ziwa, au kama mna darubini pale, msimpe dawa ya "aleji" kabla ya kukwangua. Wembe butu, ukingo wa baka, magamba kidogo kwenye kioo, tone la haidroksidi ya potasiamu (KOH) ya asilimia 10, subiri dakika 15. Lenzi ya 40. Ukiona nyuzi ndefu zenye vigawanyo zinapita juu ya mipaka ya seli bila kujali, ni kuvu. Mipaka ya seli ina kona kona. Nyuzi za kuvu hazina habari na kona, zinakata kama motari wa pikipiki kwenye foleni.

Motari_Mwenye_Diploma

Nimehusishwaje hapa tena?

Dada_Vipodozi_Goma

Nimesoma yote na nimenyamaza, sasa niseme. Mimi nauza. Nina watoto 4. Krimu kali siuzi, nimeacha tangu nilipoona mteja wangu mwenyewe ameharibika. Lakini serumu hizi naziuza na wateja wanarudi wakisema uso umetulia. Mnatuweka wote kwenye kapu moja na muuza sumu. Serumu ya EGF imemdhuru nani? Na kama ni uongo, mbona ni Nobel? Mletaji wangu aliniambia aliyegundua alipewa Nobel.

Labo_Katindo

Dada, pole, na una haki. Serumu na clobetasol si kitu kimoja, ningelitenganisha mapema.

Mletaji wako kasema kweli kuhusu Nobel. Stanley Cohen, 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini aliyegundua kichocheo cha neva. Cohen alikuwa akidunga vitoto vya panya maji yaliyotolewa kwenye tezi za mate za panya wakubwa, akaona vimefumbua macho siku ya 7 hivi badala ya karibu 13 au 14. Mwingine angeona ni ajali akaendelea na kazi. Yeye akauliza kwa nini. Ndiyo EGF: kichocheo cha ukuaji wa tabaka la juu la ngozi. Ni protini ndogo ya amino asidi 53.

Ndogo kwa protini. Kwa ngozi nzima isiyo na jeraha ni kubwa. Kuna kanuni iliyopendekezwa mwaka 2000 kwamba kitu chenye uzito wa zaidi ya dalton 500 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) hakipiti kirahisi ngozi iliyo salama. EGF ina karibu 6,000. Mara 12. Inakaa juu ya ukuta na kuoshwa asubuhi. Uso kutulia naamini: serumu ina gliserini, ina maji, na mteja anayenunua kitu cha dola 25 anaacha kusugua uso kwa sabuni ya kufulia. Hilo peke yake ni matibabu.

Penye jeraha lililo wazi ni hadithi nyingine. Kuna jeli ya kichocheo kingine, PDGF, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu ya wenye kisukari. Pale hakuna ukuta, mlango uko wazi.

Na kuhusu askari: EGF si mlezi wa seli za Langerhans. Uhusiano wake na kinga ni wa kinyumenyume. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kuziba kipokezi chake, kama cetuximab au erlotinib, wengi hutokwa na vipele vingi usoni na kifuani. Panya walioondolewa kipokezi hicho kwenye keratinositi, ngozi yao inajaa seli za uvimbe. Inaonekana EGF inamtuliza bayeri asipige yowe. Bayeri akinyimwa, anapiga yowe bure, na askari wanamiminika mahali pasipo na mwizi.

Dada_Vipodozi_Goma

Sawa. Nimeelewa kuhusu ukuta. Bado nitaiuza, lakini neno "askari" nitaliacha.

Mwana_wa_Ibanda

Swali la pembeni. Umetaja majina yanayodanganya. Mimi nina keloidi (kovu lililovimba) begani pale pale palipochanjwa. Niliambiwa ni TGF-beta. Sasa ni mlezi ao ni adui?

Labo_Katindo

Ni yule yule. Kwenye tabaka la juu inalea walinzi. Chini, kwenye dermisi, inaziamuru seli za nyuzinyuzi zitengeneze kolajeni, na kwenye keloidi amri hiyo haikomi. Jina lenyewe ni la ajabu: "kichocheo cha kugeuza," kwa sababu mwanzoni kilionekana kikigeuza tabia ya seli zikue kama za uvimbe kwenye sahani. Baadaye ikaonekana kwamba seli nyingi inazizuia kukua. Jina likabaki. Ndiyo maana mtu akikuuzia "TGF-beta ya kuongeza kinga," kimbia.

Na kwa kuwa tunaongea weupe na weusi, nina moja la mwisho ninalolipenda. Mastositi, zile seli za ngozini zinazotoa histamini ukiumwa na mbu, zina mlezi wake: kichocheo cha seli shina, SCF, na kipokezi chake KIT. Paul Ehrlich alizieleza seli hizi 1878. Panya mwenye hitilafu kwenye KIT hana mastositi za kutosha, na papo hapo ana manyoya yenye mabaka meupe. Kwa nini? Kwa sababu melanositi, zinazotengeneza rangi yetu, nazo hulelewa na kichocheo hicho hicho. Binadamu wenye kasoro kwenye KIT huzaliwa na shungi jeupe mbele ya kichwa na mabaka meupe ya ngozi. Mlinzi na rangi wamenyonya ziwa moja. Sisemi kwamba anayejichubua anaua mastositi, hapana. Nasema tu nikiona krimu ya kufukuza rangi nakumbuka ujamaa huo.

Njo_Vile_Lushi

Hii ya ziwa moja naiiba kwa ajili ya TP (somo la vitendo) ya Jumanne. Na seli T? Umeziruka.

Labo_Katindo

Kwa haraka maana chaji ya simu inaisha: ngozi yote ya mtu mzima ina seli T kama bilioni 20, karibu mara mbili ya zile za damuni. Nyingi ni za kumbukumbu, zimekaa, hazirudi. Kwa panya imeonekana keratinositi za vinyweleo ndizo huzilisha interlukini 7 na 15. Bayeri tena.

Mama_Santre_Kadutu

Nimerudi, siku ya tano. Tulikwangua. Darubini yetu ina kioo kilichopasuka pembeni lakini katikati kunaonekana. Nyuzi tele, zinakata kona kama ulivyosema. Daktari wetu amempa dawa ya kuvu ya kumeza, na kortikoidi anampunguzia kwa kumshusha ngazi kwa ngazi hadi zile nyepesi, kwa sababu alisema kuacha ghafla baada ya miaka 6 uso utawaka kama jiko na mwili wenyewe unaweza kuyumba. Haidrokinoni ameitupa mwenyewe mbele yangu, na kopo la majarini pia.

Ameniuliza, wale walinzi watarudi? Nimemwambia nitauliza mwanangu wa Goma.

Labo_Katindo

Mwambie ndiyo, Mama. Kortikoidi ikiondoka, seli za Langerhans hurudi, kwa sababu keratinositi hai bado zinatoa chakula. Ukuta nao utanenepa kiasi, miezi si siku. Mistari ya tumboni haitatoka. Usimfiche hilo. Na kofia pana sokoni, au mwavuli, hata siku za mawingu.

Mdogo_Wake

Ni mimi mwenye kichupa. Nilikipeleka Birere, mama hakurudisha pesa, amenipa mwavuli na dola 10.